Malalamiko Kuhusu Wimbo Mlionipigia Langoni

Orpa Karimi,
Katy, Texas.
Jumatatu, baada ya zamu.

Kwa Mzee Patroba,
Msemaji wa Upande wa Bwana Harusi,
Haltom City, Texas.

Mzee wangu mheshimiwa,

MINT: WIMBO WA COUNTRY USIO NA UKWELI ULIOPIGWA MBELE YA GARAJI YANGU JUMAMOSI ILIYOPITA

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na Mama, na wote mlioendesha gari saa nne na nusu kutoka huko kwenu mpaka kwangu, halafu mkaendesha saa nne na nusu nyingine kurudi bila kuonja hata chapati. Natumaini mlifika salama. Natumaini pia yule mama aliyezirai kidogo kwenye kivuli cha sanduku langu la barua amepata nafuu. Niliambiwa ni muuguzi, kwa hiyo anaelewa mwenyewe kwamba aliishiwa maji tu. Mimi pia ni muuguzi, mwaka wa ishirini na moja huu, na nilikuwa nikimtazama dirishani muda wote. Asingekufa.

Ujumbe wako wa WhatsApp niliupata. Umeuliza, kwa upole wako wa siku zote, kosa lenu lilikuwa nini, na kama mnaweza kurudi Jumamosi hii kumposa Kagendo wetu kwa ajili ya kijana wenu Sheldon. Umesema katika maisha yako umewahi kufungiwa lango nusu saa, na mara moja kule Bungoma ukafungiwa saa nzima, lakini hujawahi kufungiwa saa mbili na dakika ishirini juani, joto nyuzi mia moja na moja kwa kipimo cha hapa, kisha ukaambiwa nenda nyumbani. Swali lako ni la haki kabisa. Nimeona nilijibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu huwa napandisha sauti, halafu watu wanasema nina hasira. Sina hasira. Nina malalamiko.

Desturi sote tunaijua. Wageni wa posa wakifika, akina mama wa upande wa msichana hufunga lango, na wageni huimba mpaka wafunguliwe. Hapa Katy sina lango, nina mlango wa garaji unaokwenda kwa umeme, na huo ndio tulioutangaza kuwa lango. Rimoti yake ilikuwa mkononi mwangu. Tukasubiri mwimbe. Ukatutangazia kupitia upenyo kwamba akina mama wenu waimbaji wote wako zamu hospitalini, na kwamba mmebaki wanaume kumi na wanne na akina mama watatu, mmoja wao amekauka koo. Sawa, hayo hutokea. Lakini badala ya ninyi kujaribu hivyo hivyo, Sheldon akatoa spika kwenye buti la gari, akaiweka kwenye saruji, akatupigia country. Country ya siku hizi!

Ni vizuri mjue mliyempigia ni nani. Nimelelewa Nkubu, Meru. Baba yetu alikuwa na redio moja, na Jumapili baada ya kanisa redio hiyo ilikuwa ya muziki wa country mpaka ng'ombe wakamuliwe. Kabla sijajua wilaya ya jirani ni ipi, nilikuwa najua majimbo manane ya kusini mwa Marekani, na nilijua treni ya huko inaondoka saa ngapi na imembeba mume wa nani. Nimewalilia wafungwa ambao sijawahi kuwaona. Nimeosha sufuria nikimwombolezea mama wa mtu wa Tennessee, na mama yangu mwenyewe yupo nyuma yangu mzima wa afya, ananiuliza ninalia nini. Kwa hiyo hamkumpigia mtu asiyejua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wimbo wenyewe hauna kifo. Niliusikiliza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, maana mliurudia mara tatu, na hakuna aliyekufa. Hakuna mama mgonjwa. Hakuna mtoto aliyeachwa kituoni. Hakuna jela. Hata mbwa amebaki hai mpaka mwisho. Kuna mwanamume, ana pikapu, ana bia, na jua linatua. Anaonekana ameridhika. Sasa nakuuliza, Mzee, mtu aliyeridhika anaimba country ya nini? Si aende alale?

2. Hiyo pikapu. Kule kwetu pikapu ilibeba majani chai, mbolea, mgonjwa, jeneza na bibi harusi, na kuna wiki ilibeba vyote. Ya huyu bwana imebeba msichana mmoja na sanduku la barafu. Pikapu za namna hiyo naziona kila asubuhi kwenye barabara kuu ya kwenda mjini Houston, kubwa kuliko jikoni kwangu, na nyuma ni safi kabisa. Hazijawahi kuwekwa hata gunia moja la viazi. Gari ambalo halijabeba gunia halina sababu ya kuimbiwa.

3. Ngoma. Zile si ngoma za mtu, ni za kompyuta, na makofi pia ni ya kompyuta. Ala! Mtu anashindwa hata kutafuta watu wanne wa kumpigia makofi? Halafu katikati anaacha kuimba, anaanza kusema haraka haraka kama anayesoma masharti ya dawa. Mara ya kwanza nilidhani spika yenu imeharibika. Kamati ya wenye nyumba wa mtaa wetu imeshaniandikia barua kuhusu kelele hizo na magari saba yaliyoziba njia. Wamenitaja mimi kwa jina. Hawakumtaja mwimbaji.

4. Kofia. Mimi siyo mtu wa kusema bila ushahidi, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada niliitafuta video, nikaitazama kwa makini, na nikaisimamisha mara kadhaa. Kofia ile haijawahi kunyeshewa. Viatu vyake vya buti havijawahi kukanyaga kitu chochote kilichotoka kwa ng'ombe. Mimi nimekanyaga, tena bila viatu, najua kinavyoganda. Kijana amesimama kwenye shamba ambalo halina hata kinyesi kimoja, anatuimbia habari za shamba.

5. Hapa lazima niwe mkweli niseme kwamba ndani ya nyumba yangu mwenyewe nimepingwa. Kagendo anasema, na anasema kwa Kiingereza, maana tangu Jumamosi ananijibu kwa Kiingereza tu, kwamba hata wale wazee wangu wa redio walivaa suti za kumetameta, wakaishi mijini, wakaimba nyimbo walizoandikiwa na watu wengine ofisini. Kuna mambo ambayo mtu hana wajibu wa kuyajibu akiwa nyumbani kwake. Akaniuliza tena ni lini mimi niliwahi kupanda treni. Treni nimepanda, Mzee. Ile ya ndani ya uwanja wa ndege wa Dallas. Na nilikuwa na huzuni siku hiyo, nilikuwa nimekosa ndege.

6. Najua upande wenu unaweza kumleta jirani yangu kama shahidi, kwa hiyo nimtaje kabla hamjamtaja. Ni mzee Mmarekani, amezaliwa na kukulia kwenye ranchi, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikatwa na kamba ya kufungia fahali. Mtu wa country halisi, sikatai. Mlipopiga wimbo alitoka na kiti chake, akakaa mbele ya nyumba yake, akavua kofia, akaimba mwanzo hadi mwisho. Baadaye alinifuata uani kuniambia kwamba ni wimbo mzuri sana na kwamba unamkumbusha ujana wake. Namheshimu. Lakini mtu aliyeishi maisha yenyewe hafai kuyahukumu, ameyazoea mno. Afadhali sisi tuliosikiliza kwa mbali.

7. Sasa nafika kwa Sheldon. Kijana ni mzuri, na hilo ndilo tatizo. Ana kazi yake ya kompyuta, ana wazazi wote wawili, meno yamepangwa vizuri, na siku ya Pasaka aliosha vyombo vyangu bila kutumwa, akafuta hata nyuma ya jiko. Nilikaa naye siku hiyo nikamwuliza ni jambo gani limewahi kumuumiza maishani. Akafikiri sana, maskini, nikaona anatafuta kwa moyo wote. Mwishowe akataja timu yake ya mpira. Ndipo nilipoelewa anavyoupenda muziki huo. Mtu ambaye hajaumia ataimba nini zaidi ya bia?

Acheke anayetaka, lakini hili silitanii. Kagendo ni mtoto wa dada yangu Avelina. Avelina alipofariki, mtoto aliletwa kwangu kwa ndege akiwa na miaka tisa, peke yake, kadi ya shirika la ndege imening'inia shingoni, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Mpaka leo, mwezi wa Novemba, kuna siku moja anafungua friji na kusimama mbele yake. Hachukui kitu. Ukimwona hivyo hutakiwi kumwuliza unatafuta nini, na hutakiwi kumwambia baridi inatoka. Unaifunga polepole, unamkalisha, unampa chai ya rangi, unakaa naye mpaka aseme jambo lolote, hata kama ni kuhusu hali ya hewa. Mimi ilinichukua miaka minne kulijua hilo. Nani amemwambia Sheldon? Spika?

8. Kuna uvumi kwamba nalalamikia umbali. Uvumi huo umetoka kwa rafiki yangu Flaviana, Mtanzania, tunayefanya kazi wodi moja, ambaye alisimama nami ndani ya garaji kama mwakilishi wa akina mama. Kuanzia dakika ya arobaini alinigeuka. "Dada Orpa, jamani, wimbo hauna ubaya wowote. Fungua, watu wataungua." Alipoona sifungui akaniambia kwa sauti ya chini, "Haolewi mwezini, anaolewa Fort Worth." Napenda kumjibu hapa rasmi kwamba umbali haunisumbui hata kidogo. Ni maili mia mbili na sabini kutoka mlango wangu hadi nyumba wanayotaka kupanga huko karibu na kwenu. Nimeupima mara nne kwa ajili ya kujua tu.

Na kwa kuwa uliuliza alikuwa wapi Kagendo mwenyewe wakati huo wote: alikuwa juu chumbani na wasichana wenzake, amejifunika leso, anangoja Sheldon amtambue kati yao. Baada ya saa moja na nusu alishuka na mavazi yake yote, akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono aombe rimoti. Nikaitia mfukoni. Hakugombana nami. Angeweza kutoka kwa mlango wa mbele, hakutoka. Aliingia jikoni akaanza kuosha sufuria zilizokuwa safi. Sasa ameniambia kwamba Jumamosi hii lango lisipofunguliwa, Jumatatu inayofuata yeye na Sheldon wataenda mahakamani waandikishwe, bila posa, bila chapati, bila mimi. Amesema bila kulia. Naona ni matokeo ya kusikiliza muziki usio na huzuni.

Kwa hiyo, Mzee Patroba, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba upande wenu ukubali mambo machache kabla ya tarehe nyingine kupangwa.

Kwanza, mrudi na midomo yenu. Sijali mtaimba vibaya kiasi gani. Wewe una sauti, nilikusikia ukipiga simu ya kuagiza maji.

Pili, wimbo uwe na marehemu angalau mmoja, na maneno yake nitumiwe mapema niyapitie. Treni si lazima. Mvua ni lazima.

Tatu, na hili ndilo zito, harusi iahirishwe miaka mitatu ili kijana apate kuteseka. Sitaki ateswe sana, mimi ni Mkristo na nina leseni ya uuguzi. Afanye kazi kwenye shamba la ng'ombe majira mawili ya joto, hata jirani yangu yuko tayari kumtafutia. Afuge mbwa, ampoteze. Asafiri kwa basi akiwa na njaa, akiwa amekaa karibu na mtu anayekohoa. Aandike barua isiyojibiwa. Baada ya hapo aniletee wimbo anaoupenda tuone kama ladha yake imekomaa.

Nne, ikiwa mateso ya kutosha hayapatikani huko Dallas na Fort Worth, naye Kagendo hataki kungoja, basi ninakubali, kwa shingo upande, waoane na waishi hapa Katy. Chumba cha juu ni kikubwa. Kina bafu lake. Nimeshatoa mashine yangu ya mazoezi, sikuwa naitumia. Nitaweza kumsimamia kijana kwa karibu upande wa muziki, na wala sitawasumbua, huwa sipo nyumbani siku tatu kwa wiki. Hilo la nne nimelifikiria kuliko mengine yote na naamini ndilo rahisi kwa kila mtu.

Mkiyakataa haya, itanibidi niamini kwamba mlikuja kwangu bila nia thabiti, na lango litabaki lilivyo.

Nisalimie sana Mama. Msalimie yule mama wa koo na mwambie ajisukutue kwa maji ya chumvi. Wasalimie wanaume wote waliovaa suti za vipande vitatu mwezi wa Agosti, nilivutiwa na nidhamu yao. Wasalimie wazazi wa Sheldon, ambao sina neno nao hata moja. Wamemlea mtoto vizuri kupita kiasi. Flaviana pia anawasalimu. Anasema yeye hakuhusika.

Wako katika kutetea muziki wa kweli,

Orpa Karimi
Mlezi wa bibi harusi na msimamizi wa lango

Nyongeza: Mzee Patroba, barua hii ilikuwa imeshafungwa. Nimeichana bahasha niongeze haya, na nakuomba uyasome peke yako kabla hujawasomea wengine.

Wimbo ule naujua. Naujua wote, mpaka pale anapoacha kuimba na kusema haraka haraka. Pale ndipo ninapopapenda zaidi na sikosei hata neno. Nimeuimba garini mwaka mmoja na nusu, saa nzima nikienda kazini na saa nzima nikirudi, madirisha yamefungwa nisisikike na mtu anayenijua. Kagendo alinifumania mara moja nikiingiza gari, akacheka mpaka akakaa chini kwenye saruji. Yeye ndiye aliyempa Sheldon jina la wimbo. Alimwambia aupige huo, kwamba Anti akiusikia atafungua kabla haujafika katikati.

Alisema kweli. Gitaa lilipoanza tu, kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Halafu nikajua kwamba nikibonyeza, ni mimi nitakayekuwa nimemtoa. Si Avelina, hayupo. Si baba yetu. Mimi, kwa kidole hiki. Nilishindwa, Mzee. Nilisimama pale nikawa nautukana wimbo moyoni kwa sababu ulikuwa karibu, na kila mlipourudia ndivyo nilivyozidi kushindwa. Flaviana aliniona nikilia, akaacha kunihimiza.

Hayo mengine yote niliyoyaandika, kofia na pikapu na mateso ya kijana, yafute. Mwambie Sheldon nimekosa. Kagendo nitamwambia mwenyewe leo akirudi, kwa Kimeru, anijibu kwa lugha anayotaka.

Njooni Jumamosi mapema, jua halijawa kali. Imbeni au msiimbe. Lango mtalikuta wazi, na msiulize mbona desturi haikufuatwa, pitilizeni tu mpaka ndani. Nikilifunga tena, sitaweza kulifungua.